Tata yangu inalowa dizeli kwenye nozeli na asubuhi inasumbua kuwaka: nibadilishe sili tu?

Swali limetoka kwa msomaji wa Makambako. Ana lori la Tata lenye injini ya Cummins 6BT, la siku nyingi lakini halilali, linabeba mbao kwenda Dar es Salaam. Asubuhi anapiga stata mpaka betri inalegea ndipo liwake. Juu ya nozeli ya tatu na ya nne, zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda, pamelowa dizeli na kushika vumbi zito. Tena siku hizi, injini ikivuta mzigo, anasikia mlio wa "chuf, chuf, chuf" unaokwenda na mzunguko wa injini. Fundi wa kwanza kamwambia gasketi ya silinda hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, imekwisha. Wa pili kasema anunue nozeli sita mpya. Wa tatu yuko tayari kuzichoma moto washa za zamani, zile pete bapa za kuzibia, na kuzirudisha. Yeye anauliza: kubadilisha sili peke yake kutatosha? Na je, kazi hiyo anaweza kuifanya mwenyewe na utingo wake?

Ndugu, usinunue kitu kwanza. Umeleta dalili tatu kama ugonjwa mmoja, na ndiyo maana mafundi watatu wamekupa majibu matatu. Nozeli ya 6BT inazibwa sehemu zaidi ya moja, na kila sehemu ikichoka inajionyesha kivyake.

Chini kabisa, ncha ya nozeli inapoingia kwenye silinda, kuna washa moja ya kopa, yaani shaba nyekundu. Hiyo ndiyo inayozuia kompresheni, yaani hewa inayobanwa na bastola, na moto wa silinda visipande juu. Juu yake kuna nati kubwa yenye nyuzi za nje, inayoikandamiza nozeli kwenye hedi, na kwenye shingo ya nati hiyo kuna oringi, pete ya mpira. Kazi ya oringi ni kuzuia maji na vumbi visiteremke pembeni mwa nozeli, presha haiigusi. Kisha juu, paipu nyembamba ya ritani, ile inayorudisha dizeli ya ziada tangini, inaposhikwa na bolti yenye tundu katikati, kuna washa mbili kwa kila nozeli, moja juu na moja chini ya jicho la paipu. Paipu nene ya presha yenyewe haina sili yoyote: ni chuma kilichochongwa kama koni, kinakalia chuma. Ukiona mtu anafunga utepe wa bomba la maji kwenye nyuzi za paipu hiyo, au anapaka silikoni, mwondoe kwenye injini yako kwa upole.

Sasa soma dalili zako upya. Dizeli inayolowesha juu ya nozeli haiwezi kutoka kwenye washa ya chini. Inatoka kwenye ritani au kwenye paipu ya presha. Mlio wa chuf unatoka chini, kwenye washa ya kopa, kwa sababu ni gesi ya silinda inayopenya kila bastola inapokandamiza. Na hili la asubuhi, mara nyingi ni mtoto wa lile la kwanza: mahali panapotoa dizeli injini ikiwaka ndipo panapoingiza hewa injini ikizimwa. Usiku dizeli iliyo kwenye paipu inateremka taratibu kurudi tangini, hewa inachukua nafasi yake, na alfajiri pampu inakuta upepo. Kwa hiyo una matatizo mawili, na moja ni dogo kuliko unavyodhani.

Kuna njia rahisi ya kulithibitisha hilo la upepo. Mtu apige stata huku wewe umesimama nyuma ukiangalia ekzosti. Kama injini inazunguka na hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki kwenye silinda, na hiyo ni hewa au usambazaji. Kama inatoa moshi mweupe mwingi na haishiki, dizeli inafika lakini haiungui, na hapo unaanza kuulizia kompresheni na hali ya nozeli. Ukitaka uhakika zaidi, weka kipande cha mpira unaopenyeza mwanga kati ya filta na pampu, uone kama mapovu yanapita.

Kuhusu gasketi ya hedi: kwenye 6BT matundu ya nozeli yamechongwa ndani ya chuma kizima cha hedi, hayapiti kwenye maji. Injini nyingine nozeli hukaa ndani ya bomba jembamba lililozungukwa na maji, na likitoboka gesi huingia kwenye rejeta. Yako si hivyo. Washa ya kopa ikivuja kwenye 6BT, gesi inatoka nje, haiwezi kutia mapovu kwenye rejeta. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, uwashe, uangalie. Hakuna mapovu, maji hayapungui, mpira wa juu haujai presha dakika za mwanzo? Basi huyo wa gasketi alikuwa anabahatisha. Mapovu yakiwepo, hiyo ni kesi nyingine na haya ninayoandika hapa hayataitibu.

Anza juu. Hili nalisisitiza kwa sababu mafundi wengi wakiona dizeli kwenye nozeli wanachomoa nozeli zote, na nozeli iliyokaa miaka ndani ya hedi ikichomolewa bila sababu huzaa matatizo ambayo hayakuwepo. Osha injini, kausha kwa kompresa, iwashe iungurume bila kukanyaga mafuta, na utazame kwa tochi. Dizeli ikichipuka kwenye jicho la ritani, badilisha washa za ritani, zote 12, siyo za nozeli mbili tu, maana zina umri mmoja. Ikichipuka kwenye nati ya paipu ya presha, zima injini, legeza nati, futa koni, irudishe ikae sawa kisha kaza kwa kiasi. Koni iliyokazwa kupita kiasi huvimba na kupasuka, na hapo ni paipu mpya. Na tafadhali usitafute mvujo wa presha kwa kidole. Nozeli hizi hufunguka kwenye presha ya zaidi ya bar 200, na mchirizi mwembamba kiasi hicho hupenya ngozi kama sindano. Tundu linaonekana dogo, halitoi hata damu, lakini dizeli iko ndani ya nyama. Mtu akipata hilo ni hospitali siku hiyohiyo, na amweleze daktari wazi kwamba ni dizeli ya presha. Tumia kipande cha kadibodi kutafutia.

Bolti za ritani ni ndogo na zina tundu katikati, hivyo chuma chake ni chembamba. Spana fupi, mkono mmoja, basi. Zinakatika kirahisi, na ikikatikia ndani ya nozeli, nozeli hiyo inakwenda kwa fundi pampu.

Hapa ndipo namjibu yule wa kuchoma washa. Hasemi upuuzi. Kopa ikikandamizwa inakuwa ngumu. Ukiichoma hadi iwe nyekundu kisha ukaipoza, inalainika tena, na inaweza kuziba. Kwa washa za ritani, ukiwa umekwama porini Mikumi usiku, choma, safisha ule weusi, rudisha, uondoke. Kwa washa ya chini ya nozeli, hapana. Moto unarudisha ulaini lakini haurudishi unene, wala haufuti mikwaruzo ambayo gesi imeichora. Unene pale ni kipimo cha kazi: unaamua ncha ya nozeli inachungulia kiasi gani ndani ya silinda, na kwa hiyo dizeli inapigwa sehemu gani ya bakuli la bastola. Bei ya washa sita haifiki popote karibu na bei ya nozeli moja. Sijui tunaokoa nini.

Sasa hilo la chuf. Chukua maji ya sabuni, mwagia kuzunguka kila nati kubwa injini ikiwa ya uvuguvugu na inaunguruma. Silinda inayovuja itapiga mapovu kwa mdundo wake. Mara nyingi hata bila sabuni utaona weusi mbichi, kama lami, umejijenga kuzunguka nati hiyo. Kama ni nozeli ya tatu tu inayovuja, mimi bado ningezichomoa zote sita kwenye injini ya umri huo, kwa sababu ukishafungua paipu na ritani, umeshamaliza nusu ya kazi. Lakini kama sabuni haitoi povu popote, usichomoe hata moja. Mlio wako unaweza kuwa ni gasketi ya manifoldi ya ekzosti, ambayo hulia vilevile.

Siku moja kabla ya kazi, mwagia mafuta ya kulegeza kutu kuzunguka kila nati, rudia jioni, acha yalale. Asubuhi osha tena, maana punje ya mchanga ikiingia kwenye tundu la nozeli au kwenye paipu ya presha ni hasara. Legeza paipu za presha pande zote mbili, za nozeli na za pampu, na uzitoe katika mafungu yake na vibanio vyake bila kuzipinda. Ziba kila tundu lililo wazi kwa plastiki safi. Matambara hapana, yanaacha nyuzi. Vile vibanio vyenye mpira vinavyoshika paipu pamoja viweke kwenye kopo moja. Nimeona malori mengi yanayokata paipu za presha kila baada ya miezi, na sababu ni kwamba kuna aliyeona vibanio ni mapambo.

Ukifika kwenye nati kubwa ya nozeli, inayochukua soketi ndefu ya 24, polepole. Nozeli za injini hii zimelala kwa mshazari, kwa hiyo vitundu vya ncha yake havilingani: kila kimoja kimepigwa kwa pembe yake ili mafuta yatawanyike sawasawa. Ili nozeli ikae upande unaotakiwa, mwilini mwake kuna kijinundu kinachoingia kwenye mfuo uliochongwa kwenye hedi. Kutu ikiwa imeunganisha nati na mwili wa nozeli, ukizungusha nati mwili nao unazunguka, kijinundu kinakata mfuo, na tangu hapo nozeli haina alama ya kukalia. Ndiyo maana mtu mmoja ashike mwili wa nozeli kwa spana usizunguke, mwingine afungue nati. Utingo wako anakuhusu hapo. Ukiona mwili unaanza kufuata nati, rudisha kidogo, mwagia mafuta tena, gongagonga nati kwa nyundo ndogo na soketi, usubiri. Haraka hapo inagharimu hedi.

Nati ikitoka na nozeli ikang'ang'ania, usiingize bisibisi pembeni kuing'oa kwa kutegemea pale ritani inaposhikwa, patavunjika. Ipo nyundo ya kuteleza inayofungwa kwenye nyuzi za paipu ya presha, fundi pampu yeyote anayo. Wapo wanaolegeza nati na kupiga stata ili kompresheni iisukume nozeli nje. Inatoka kweli, na siku nyingine inatoka kwa kasi ya kukuvunja taya.

Kila nozeli ikitoka, tazama kama washa yake ya kopa imetoka nayo. Hii ni hatua watu wanairuka. Mara kwa mara washa hubaki imeganda chini ya tundu, fundi anaweka mpya juu yake, na sasa zipo mbili. Nozeli inainuka, ncha haichungulii inavyotakiwa, dizeli inapigwa pembeni, gari linatoa moshi mweusi na kukosa nguvu, na kila mtu anailaumu pampu. Waya uliopindwa ncha kidogo, au kijiti cha mbao kilichochongwa kikaingia kwa kubana katikati ya washa, kinaitoa.

Panga washa za zamani mezani kwa namba za silinda uzisome. Washa iliyokuwa inaziba vizuri ina duara linalong'aa, lisilokatika, pande zote mbili. Iliyokuwa inavuja utaona mstari mweusi unaokata duara hilo kutoka ndani kwenda nje, kama mkondo, na mara nyingi ukiangalia kwenye kitako cha hedi, pale washa inapokalia, utaukuta mkondo uleule. Hapo unajua kazi iko wapi: si kwenye washa, ni kwenye kitako. Washa mpya ikiwekwa juu ya kitako kichafu itavuja tena kabla hujafika Iringa.

Kwa kusafisha, tumia brashi ya shaba inayoingia kwenye tundu, ipake grisi ili kaboni ishikwe badala ya kuangukia kwenye silinda. Futa, paka grisi mpya, rudia mpaka tochi ikuonyeshe chuma kitupu mzunguko mzima. Msasa usiuguse, unaacha punje na kuondoa usawa. Bisibisi nayo inachora mikwaruzo ileile unayoikimbia. Kitako kikiwa kimeliwa kiasi kwamba brashi haisaidii, kipo kifaa cha kukisawazisha kwa mkono, na hicho mwachie fundi wa karakana ya injini. Ukimaliza, chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia injini ili pampu isitoe dizeli, kaa mbali na matundu, piga stata sekunde chache ili upepo wa silinda utupe nje kilichobaki.

Wakati nozeli ziko nje, zipeleke kwa fundi mwenye benchi la kupimia. Huyu wa pili aliyekuambia ununue sita mpya hakuwa na kipimo chochote mkononi. Benchi litakuonyesha presha ya kufunguka, kama inadondosha matone, na kama mnyunyizo umekaa sawa. Zikifaulu, zirudishe. Ikifeli moja kwa sababu ya ncha, mara nyingi ncha inabadilishwa na mwili unabaki.

Washa mpya zipime kabla hujatoka dukani, iwe mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au popote unaponunua. Sumaku: kopa halisi haivutwi, ikivutwa ni chuma kilichopakwa rangi ya kopa. Halafu unene kwa venia, kile kifaa cha kupimia milimita. Kwa 6BT nyingi ni milimita 1.5, lakini dukani kuna za unene tofauti kwenye kisanduku kimoja, na muuzaji atakuambia "zote zinaingia". Kuingia zinaingia. Wewe pima na za zamani, pale pembeni ambapo hazikukandamizwa, na uthibitishe kwa namba ya injini yako.

Kurudisha ni kazi fupi kama ulisafisha. Washa moja, moja tu, ibandike kwenye ncha kwa grisi kidogo isidondoke. Nyuzi za nati na mwili wa nozeli vipake mafuta mazito ya kuzuia kung'ang'ania, ili atakayekuja kuzitoa baadaye asikutukane. Kijinundu kwenye mfuo wake. Nati ianze kwa vidole mpaka ikae, ndipo soketi, na mwisho kaza Nm 60 kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Azima kama huna. Ukikosa kabisa, Nm 60 ni sawa na uzito wa kilo 20 ukining'inia mwishoni mwa mpini wa sentimita 30, na utashangaa ni kidogo kuliko ulivyozoea kukaza. Kipimo hiki ni cha 6BT ya valvu 12 yenye nati. Injini ya valvu 24 inashika nozeli kwa njia nyingine na kipimo chake ni kingine kabisa. Kisha sukuma oringi ikae kwenye mfereji wake juu ya nati, rudisha ritani na washa mpya, rudisha paipu za presha na vibanio vyote.

Kutoa upepo unakujua. Pampu ya mkono mpaka dizeli itoke kwenye skrubu ya filta bila mapovu, funga, kisha legeza nati za paipu kwenye nozeli mbili au tatu, piga stata mpaka dizeli itokee, kaza. Stata isizidi sekunde 30 kwa mpigo, ipumzishe dakika mbili. Wengi wanaunguza stata siku hii. Ikishawaka itamisi kidogo, iache ijisafishe.

Rudia maji ya sabuni. Povu likionekana kwenye nati, usiongeze nguvu kwenye spana. Kopa ikishakandamizwa vibaya haitaziba kwa kulazimishwa. Fungua, angalia kitako, weka washa nyingine.

Unaweza kuifanya mwenyewe? Washa za ritani, leo hii, wewe na utingo. Kuchomoa nozeli, kama una soketi ya 24 ndefu, spana ya toki na siku nzima isiyo na mzigo unaosubiriwa, ndiyo; ila ukiona mwili wa nozeli unazunguka na nati, simamisha kazi umwite fundi kabla mfuo haujakatika. Na ukivuta kijiti cha oili ukakuta kiwango kimepanda na oili inanuka dizeli, usilaumu sili hizi. Nozeli zako ziko nje ya kava za valvu, mvujo wake wa juu hauna njia ya kuingia kwenye oili. Tazama pampu ndogo ya kuvutia dizeli pembeni mwa bloku, sili ya shafti ya pampu kubwa, au nozeli inayodondosha, na lori lisitoke kabla oili haijabadilishwa.